Jamvi la mazungumzo baada ya mapanga: nani akae na nani, na lini

Swali: Sisi ni kinamama kumi na wazee watatu wa mtaa mmoja huku Kisauni, Mombasa. Vijana wa mapanga wamepita kwetu. Wapo waliokatwa, yupo aliyefariki, na kijana mmoja aliyedaiwa kuwa mwenzao alipigwa na umati hadi akafa. Wote ni watoto wa mtaa huu huu. Watu hawalali, majirani hawasalimiani. Tunataka mahali pa kukaa na kuzungumza. Mzee wetu mmoja asema tuziite familia zote kikao kimoja, kila mtu aseme lililo moyoni, yaishe. Tuanzie wapi?

Jibu: Mzee wenu ana nia njema, lakini kikao hicho msikifanye. Familia ya aliyekatwa na familia ya kijana aliyeuawa na umati zikiwekwa jamvi moja sasa hivi, atakayesema ni mwenye sauti kubwa, na atakayenyamaza ndiye yule mliyemkusudia. Kesho yake maneno yamefika kwenye baraza za kahawa yakiwa yameongezwa chumvi. Wiki ya pili mtabaki nyinyi wenyewe na jamvi lenu.

Hata bila ya kuchanganya familia, hilo la "kutoa yote yaishe" lina hatari yake. Mtu ambaye jeraha lake bado lina nyuzi, ukimtaka asimulie hatua kwa hatua alivyokatwa, mwili wake unayapitia tena: moyo waenda mbio, viganja vyatoka jasho, na usiku ule ndio halali kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba kikao kimoja cha kuwasimulisha watu mkasa mara tu baada ya tukio kisitumike, kwa kuwa hakipunguzi taabu za baadaye na wengine huwazidishia. Kinachopendekezwa kwa siku za mwanzo ni huduma ya kwanza ya kisaikolojia, ambayo mwongozo wake wa 2011 umejengwa juu ya mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha mtu na msaada. Kusikiliza humo ni kumsikiliza aliyetaka kusema. Asiyetaka haulizwi.

Mfano ulio karibu nasi, na uliodumu, ni wa Byumba, kaskazini mwa Rwanda, ulioanza mwaka 2005 chini ya dayosisi ya Kanisa la Anglikana. Wenyewe wanauita Mvura Nkuvure, yaani niponye nami nikuponye. Watu 10 hadi 15 wa eneo moja hukutana mara moja kwa wiki kwa wiki 15, kila kikao muda wa saa tatu, wakiongozwa na majirani wawili waliofunzwa. Hupita hatua sita kwa mfuatano: usalama, kuaminiana, kujaliana, kuheshimiana, mwelekeo mpya wa maisha, na kumbukumbu. Tazameni kumbukumbu imewekwa wapi. Mzee wenu anataka kuanza na hatua ya sita. Na ndiyo, huko Rwanda walionusurika na waliotoka gerezani wamekaa kundi moja, lakini kazi hiyo ilianza miaka kumi na zaidi baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, na kesi zilikuwa na mahali pake pengine, kwenye gacaca, mahakama za kijamii za huko. Nyinyi damu yenu haijakauka na majalada bado yako kwa polisi.

Kwa hiyo wiki mbili au tatu za kwanza jamvi lisitandikwe. Tembeeni nyumba kwa nyumba, wawili wawili, wawili wale wale kwa nyumba ile ile kila mara. Dakika ishirini zatosha. Msiende na daftari. Mnakwenda kujua nani ameguswa, na mtashangaa: si majeruhi na wafiwa peke yao. Kuna dereva wa tuktuk aliyebeba mtu anayevuja damu hadi hospitali na bado anaosha kiti kile kile. Kuna mwenye duka aliyefunga mlango watu wakigonga nje. Huyu wa duka ndiye mara nyingi aliye na hali mbaya kuliko wote, na hakuna anayempa pole.

Kila nyumba ulizeni kwanza mahitaji ya mkononi, kwa sababu mtu anayehangaikia karatasi na dawa hawezi kukaa jamvini akatulia. Aliyejeruhiwa ana namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kutoka kituo cha polisi? Ana P3, fomu ya polisi ya kuthibitisha majeraha? Fomu hiyo hutolewa na polisi bure, hujazwa na daktari, na daktari huijaza kwa kutegemea maandishi ya matibabu ya siku ile. Karatasi za hospitali zikipotea au zikinyeshewa, P3 inakuwa dhaifu, na kesi nayo. Zitieni kwenye bahasha ya plastiki na mpige nakala mbili, moja ilazwe nyumba nyingine.

Iwapo katika tukio kuna mtu aliyebakwa, na mara nyingi yupo ila hasemi, saa ndizo zinazoamua. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora, kisha zinamezwa siku 28 bila kukatizwa. Dawa za kuzuia mimba ni hadi saa 120. Asiogeshwe kabla ya kuonwa na daktari. Nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, ule wa khaki. Mifuko ya plastiki hutunza unyevu, nguo ikaota ukungu na ushahidi ukaharibika. Hospitalini waulizieni fomu ya PRC, ile ya huduma baada ya kubakwa, ambayo ni tofauti na P3. Hospitali kuu ya Mombasa, ile ya Coast General, ina kituo maalumu cha watu waliofanyiwa ukatili wa aina hii. Na shauri la ubakaji halimalizwi barazani na wazee kwa fidia, hata familia zikikubaliana.

Mjane Mwislamu aliye edani hatatoka kuja kwenu kwa miezi minne na siku kumi. Msimhesabu kuwa amekataa. Mwekeeni kikao chake nyumbani: wanawake wawili, siku ile ile ya wiki, saa ile ile. Kuna makundi yaliyosahau jambo hili, na mjane, aliyekuwa na haja kuliko wote, akasikia tu kwamba mtaa unakutana bila yeye.

Sasa wawezeshaji. Mnahitaji wawili kwa kila kundi, na hapa ndipo wengi hukosea. Mzee wa Nyumba Kumi asiwe mwezeshaji, hata akiwa mtu mwema namna gani, kwa sababu kazi yake ni kupeleka habari kwa chifu, na kila mtu jamvini anajua hivyo. Imamu na mchungaji wapeni kazi ya kuhimiza watu waje, lakini wakikaa jamvini watu wataanza kujibu kama wanaotakiwa kuonyesha imani. Aliyefiwa katika tukio lenyewe pia asiongoze. Akae kama mwanakundi. Tafuteni mtu asiyependa kusikia sauti yake mwenyewe. Wahudumu wa afya ya jamii, wale wanaozunguka majumbani na mikoba yao, mara nyingi wanafaa, maana wamezoea kuingia nyumba za watu na kutoka bila kubeba maneno. Wafunzwe siku tano, na kila wiki mbili wakutane na mshauri nasaha aliyesomea, wao nao wapate pa kupakulia. Msipompata huyo mshauri, msianze. Mwezeshaji asiye na pa kupeleka anayoyasikia huvunjika ifikapo wiki ya sita au ya saba, na kundi humfuata.

Kundi liwe la watu 10 hadi 12. Chini ya sita, mmoja akikosa pengo linaonekana. Zaidi ya 15, wanne watasema na waliobaki watakuwa wasikilizaji. Wanawake peke yao, wanaume peke yao, vijana peke yao. Kikao cha pili kikipita mlango umefungwa, hamna mgeni tena, wala mfadhili, wala mwanasiasa anayetaka "kusalimia tu". Watoto wasiletwe kwenye jamvi la wakubwa. Mtoto anayekojoa kitandani au kupiga makelele usingizini anasaidiwa zaidi kwa kurudishwa shule mapema, kucheza, na kulala karibu na mtu mzima kwa muda.

Wanaume watawasumbua. Mwanamume wa Kisauni ukimkalisha duara na kumwambia aeleze hisia zake, atatazama saa. Lakini mpe bao na kahawa chungu, mweke kando ya mwenzake badala ya kumkabili, na baada ya nusu saa atakwambia kwamba hapiti tena njia ile ya msikitini alfajiri. Jambo hili limeonekana kwingine pia: Harare, Zimbabwe, mabibi wa mpango wa Friendship Bench hukaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki, na wanawake waliopitia benchi huendelea kukutana kwa makundi huku wakifuma mikoba. Mikono ikiwa na kazi, macho hayalazimiki kukutana. Kinamama wenu wasuke ukili au wachambue mchele.

Mahali pasiwe ofisi ya chifu, wala ya chama, wala nyumba ya aliyefiwa. Chumba cha chekechea au cha madrasa siku isiyo na masomo kinafaa, kikiwa na milango miwili, choo karibu, na dirisha lisilotazama barabara. Aliyewahi kuvamiwa hataki kuupa mlango mgongo; mwacheni achague pake kwanza. Wakati mzuri ni baada ya alasiri: anzeni saa kumi, mmalize saa kumi na moja na nusu kamili, kila mtu awe kwake kabla ya magharibi. Dakika hizo 90 ni nusu ya muda wa Byumba, lakini kuwatembeza watu gizani kwenye mtaa wenye mapanga ni kuwaongezea kile mnachotaka kukiondoa. Ramadhani ikiingia badilisheni saa mapema, msingoje watu waanze kukosa.

Chai ya maziwa chupa mbili za lita tatu na mahamri thelathini vinatosha watu 14. Posho msitoe. Nauli ya anayetoka mbali, sawa. Posho ikishaingia, orodha huingia nayo, na mradi ukiisha jamvi linakunjwa siku hiyo hiyo.

Kikao cha kwanza kiwe hivi. Viatu mlangoni, simu kikapuni zikiwa zimezimwa, kikapu katikati ambapo kila mtu anakiona. Mwezeshaji aseme kwa maneno haya au ya karibu nayo: "Karibuni. Leo hakuna atakayeulizwa kilichotokea. Anayetaka kunyamaza anyamaze, kunyamaza si kosa hapa. Anayetaka kutoka nje atoke, mwenzangu atamfuata kumtazama tu, si kumrudisha." Halafu kila mtu ajitambulishe kwa jina analopenda kuitwa. Swali la kwanza liwe dogo na la leo, kwa mfano: "Tangu siku ile, ni saa gani ya siku iliyo ngumu kwako?" Mmoja atasema saa mbili usiku stima ikipotea. Mwingine atasema alfajiri, akisikia pikipiki. Hapo tayari wamegundua kwamba si wao peke yao, na hakuna aliyesimulia damu. Swali la pili: "Na saa hiyo ikifika, hufanya nini ikapita?" Majibu yake ni mali ya kundi. Kuna atakayesema anafungua redio ya Kurani, kuna atakayesema anamwamsha dada yake. Mkifunga, kila mtu ataje mtu mmoja atakayerudi naye nyumbani.

Mwezeshaji wa pili hasemi sana. Kazi yake ni kutazama. Mtu akianza kuukazia macho ukuta bila kupepesa, akiipotoa ncha ya leso yake, na akiitwa hasikii, huyo hayupo chumbani tena, amerudi kule. Mkaribieni kwa ubavuni, si kwa nyuma, wala msimguse bila kumwomba. Mwambieni jina lake, na mahali alipo: "Uko chekechea, leo Jumamosi, ni jioni, mimi nimekaa kushoto kwako." Mpeni kikombe cha maji baridi akishike kwa mikono miwili. Akanyage sakafu kwa nyayo zote. Ataje vitu vitatu anavyoviona. Avute pumzi kwa hesabu ya tatu, aitoe kwa hesabu ya tano, mara kadhaa. Kwa kawaida baada ya dakika chache hurudi. Asiachwe aende nyumbani peke yake siku hiyo, na jioni aende mtu kumjulia hali.

Kuna maneno ambayo mwezeshaji ayafungie kabatini. "Jikaze" ni la kwanza. "Usilie" ni la pili. La tatu ni gumu kwetu: "Ni mipango ya Mwenyezi Mungu." Mfiwa akilisema mwenyewe, linamshika, mwingine akimwambia, linamfunga mdomo, kwa kuwa nani atajibu baada ya hapo?

Kuhusu siri, semeni ukweli tangu siku ya kwanza. Yanayosemwa jamvini hayatoki, isipokuwa mambo matatu: mtoto yuko hatarini, mtu anataka kujiua, au mtu anapanga kulipiza kisasi. Mkiahidi siri isiyo na mipaka mtalazimika kuivunja, na siku hiyo hamtaaminiwa tena na yeyote. Mahudhurio hesabuni vichwa tu. Shirika likija na fomu ya majina, namba za kitambulisho na simu, waambieni hapana. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na habari za afya na za familia ya mtu si za kukusanywa kiholela. Kundi la WhatsApp msifungue kabisa, au mkifungua liwe la kutaja saa na mahali tu. Simu moja ikiibwa, au mume mmoja akiifungua ya mkewe, jamvi zima limeanikwa. Mama mmoja wa kupita nyumba kwa nyumba siku ya Ijumaa anafanya kazi ile ile.

Liko jambo ambalo makundi mengi hayaambiwi: kesi. Mwanakundi anayetarajiwa kutoa ushahidi asisimulie tukio jamvini, na wengine wasisimulie mbele yake. Watu waliosikilizana kwa wiki nyingi huanza kukumbuka kwa pamoja. Mmoja aliona shati jekundu, baada ya mwezi wote wameliona. Wakili wa mshtakiwa atauliza swali moja tu, "Mlizungumza haya wapi?", na ushahidi umebomoka. Mwacheni azungumzie usingizi wake, hofu yake, watoto wake. Ya tukio ayaseme kwa mpelelezi na kwa wakili. Akitishwa, kuna Shirika la Ulinzi wa Mashahidi, na Sheria ya Kulinda Waathiriwa ya 2014 inampa haki ya kulindwa na kuarifiwa kuhusu kesi yake.

Na hapa muwe macho zaidi: yule kijana aliuawa na umati, na umati ni majirani. Aliyerusha jiwe huenda amekaa jamvini kwenu akinywa chai. Ipo siku atataka kusema, kwa kuwa yeye naye halali. Akianza, mwezeshaji amkatize kwa upole: "Hilo ni zito, na hapa si mahali pake pa kwanza. Tukimaliza nitakwenda nawe kwa mtu wa kukushauri." Ampeleke kwa wakili wa msaada wa kisheria, Kituo cha Sheria wana ofisi Mombasa. Akiachwa amalize, watu kumi wamegeuzwa mashahidi bila hiari yao.

Sasa familia ya kijana huyo. Mama yake ana msiba usio na matanga; hakuna aliyekwenda kumpa pole, pengine mazishi yalikuwa ya watu wanane. Wapangieni wawili wengine, wasio wale wanaozitembelea nyumba za majeruhi, waende kutoa mkono wa rambirambi. Wasiulize mwanawe alifanya nini. Kama wapo wazazi wengine ambao watoto wao wamo magengeni au jela, hao wanaweza kuwa jamvi lao, siku tofauti na chumba tofauti, kwa kanuni zile zile.

Kukutanisha pande mbili kufikiriwe tu baada ya kila upande kumaliza wiki zake, kila mtu ameulizwa faraghani zaidi ya mara moja na hajasita, na wakili amesema hakutaharibu kesi. Hata hapo msianze na maneno. Anzeni na kazi: kufyeka makaburini, kuzibua mtaro, kuweka taa kwenye kichochoro kile kinachoogopwa. Wakishaweza kupokezana jembe, mtajua. Wakishindwa, mmepoteza asubuhi moja tu, hamkupoteza kundi.

Wapo ambao jamvi halitawatosha. Ikipita mwezi na mtu bado halali usiku mwingi, hali chakula, anakwepa kazi, amezidisha pombe au ameingia kwenye unga, apelekwe hospitali aonwe na wa afya ya akili. Mkihofia kuwa anafikiria kujiua, muulizeni waziwazi. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Wengi huficha kwa kuogopa polisi, basi waambieni kwamba Mahakama Kuu, Januari 2025, ilitangaza kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Namba za bure za kubandika ukutani ni 1199 ya Msalaba Mwekundu kwa ushauri nasaha, 1195 kwa ukatili wa kijinsia na wa nyumbani, na 116 kwa watoto.

Wiki hii chagueni wawili wawili wenu na mgawane nyumba. Mtakapotandika jamvi mara ya kwanza, msishangae wakija watatu. Msiahirishe, wala msitume mtu kuwafuata wengine. Mimineni chai, ulizeni lile swali la saa ngumu, na saa kumi na moja na nusu ikifika mfunge, hata kama mazungumzo ndiyo kwanza yamenoga. Hao watatu watawaambia wenzao kwamba waliambiwa saa kumi na moja na nusu, na ikawa saa kumi na moja na nusu.